Nani alipe ankara zako za NDIS? Jinsi ya kuchagua usimamizi wa fedha za mpango wako

Katika kikao cha kupanga mpango wa NDIS, yaani bima ya taifa ya Australia kwa watu wenye ulemavu, swali la nani atasimamia fedha huja mwishoni. Watu wameshachoka, mtoto ameanza kulia, na mkalimani kwenye simu anakaribia kumaliza muda wake. Wengi hujibu "fanyeni nyinyi tu" kwa adabu, mambo yakaisha. Miezi miwili baadaye ndipo inagundulika kwamba dada aliyekuwa akija kumwogesha mama, anayezungumza naye Kiswahili na kujua hataki maji ya moto sana, hawezi kulipwa kwa sababu hajasajiliwa na NDIS. Hakuna aliyemkataa. Ni lile jibu la haraka.

Mwongozo huu ni wa wanaoishi Australia ambao tayari wana mpango wa NDIS au wanakaribia kuupata, pamoja na wazazi, watoto na ndugu wanaowashughulikia. Ushauri wangu ni kwenda kinyume na mpangilio wa kikao: anza na majina ya watu unaotaka waingie nyumbani kwako, ndipo uchague njia ya kusimamia fedha inayowaruhusu waingie.

Kwanza tuondoe uvumi mmoja. NDIS iliundwa kwa sheria ya mwaka 2013 na inaendeshwa na NDIA, shirika la serikali ya shirikisho. Fedha zilizoandikwa kwenye mpango ni bajeti ya huduma tu. Kwa njia yoyote utakayochagua, iwe NDIA isimamie, meneja wa mpango asimamie au usimamie mwenyewe, hutawekewa kiasi chote benki siku ya kwanza. Fedha hizo hazihesabiwi kuwa mapato yako kwenye kodi, wala hazipunguzi pensheni ya ulemavu ya Centrelink. Kwa hiyo anayekuonya kwamba ukisimamia mwenyewe utakatwa pensheni hajui anachosema.

Hatua ya 1: Soma mpango wako ukiwa na kalamu

Mpango umegawanywa katika mafungu. Core ni ya msaada wa kila siku: kuoga, kula, kutoka nje, usafi wa nyumba, vifaa vidogo vidogo. Capacity Building ni ya kujenga uwezo, na humo ndimo mnamokaa wataalamu wa matamshi, wa mazoezi ya viungo na wengineo. Capital ni ya vifaa vikubwa kama kiti cha magurudumu, na marekebisho ya nyumba. Baadhi ya fedha unaweza kuzihamisha kutoka huduma moja kwenda nyingine ndani ya fungu lilelile. Nyingine zimefungwa kwa huduma iliyotajwa na haziendi popote. Pigia mstari zile zilizofungwa.

Kisha tafuta vipindi. Tangu tarehe 19 Mei 2025, mipango mipya hutolewa fedha kwa vipindi, mara nyingi miezi mitatu mitatu. Usichotumia kipindi hiki kinaingia kipindi kinachofuata ndani ya mpango uleule, lakini hakivuki kwenda mpango mpya. Ukimaliza fedha mapema, unasubiri kipindi kingine kifunguke.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme umepewa dola 24,000 za msaada wa kila siku kwa mwaka, zikitolewa dola 6,000 kila miezi mitatu. NDIA huchapisha bei za kikomo, na kwa mwaka wa fedha 2025–26 kikomo cha saa moja ya msaada wa kawaida wa nyumbani, mchana wa siku za kazi, ni dola 70.23; maeneo ya mbali yana kikomo cha juu zaidi. Gawanya: unapata saa 85 kwa kipindi, yaani kama saa sita na nusu kwa wiki. Ukimpata mtu mzuri wa dola 55 kwa saa, fedha zilezile zinakupa saa 109, yaani zaidi ya saa nane kwa wiki. Jumamosi, Jumapili na sikukuu saa ni ghali zaidi, na asiyelijua hilo hujikuta mwezi wa pili mfuko uko karibu mtupu.

Bei ya kikomo ni dari. Haimaanishi kila mtu lazima alipwe kiasi hicho. Kampuni nyingi hutoza hadi darini bila hata kukuuliza, na wateja wengi hudhani serikali ndiyo iliyopanga bei hiyo. Kujadiliana bei kunaruhusiwa katika njia zote tatu.

Hatua ya 2: Andika majina

Chukua karatasi uandike kila mtu au kampuni unayoitaka: msaidizi wa asubuhi, mtaalamu wa matamshi wa mtoto, anayekata nyasi, duka la nepi za watu wazima. Mbele ya kila jina andika majibu ya maswali matatu. Amesajiliwa na NDIS? Ana namba ya biashara ya ABN? Bei yake ni kiasi gani kwa saa, na safari je?

Swali la kwanza ndilo zito. Kusajiliwa kuna gharama na ukaguzi, ndiyo maana wasaidizi wengi wanaojitegemea hawajasajiliwa, na miongoni mwao wamo wengi wa jamii zetu wanaofanya kazi kwa ABN zao wenyewe. Kutosajiliwa si kosa. Kunaamua tu ni njia zipi za malipo zinamfikia.

Zipo huduma zinazotaka mtoa huduma aliyesajiliwa hata ukisimamia fedha mwenyewe. Makazi maalumu yanayojengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa ni mojawapo. Nyingine ni huduma yoyote inayohusisha kumzuia mtu, kwa mfano kumfungia ndani au kumpa dawa za kumtuliza.

Sasa lile jambo ambalo kwenye jamii zetu huleta ugomvi hadi ndani ya familia: kumlipa ndugu. NDIA kwa kawaida haikubali fedha za mpango zimlipe jamaa kwa kazi ya kumhudumia jamaa yake. Hukubali kwa hali za pekee tu, na baada ya kuthibitishwa hivyo. Kujisimamia fedha hakubadilishi hilo. Nimewasikia watu wakishauriana, "chukua usimamizi wako mwenyewe, umlipe shangazi." Shangazi akifungua ABN bado ni shangazi, na fedha alizolipwa zinaweza kugeuka deni ambalo mwenye mpango atatakiwa kulirudisha. Ikiwa kweli hakuna mwingine awezaye, kwa sababu ya lugha, dini au umbali, lieleze hilo kikaoni, lipeleke kwa maandishi, usubiri jibu kabla ya kumlipa mtu.

Hatua ya 3: Pima njia tatu

*NDIA isimamie.* Mtoa huduma anadai malipo moja kwa moja kwa NDIA. Wewe hushiki ankara wala risiti, ingawa unaweza kuona madai kwenye programu ya simu ya my NDIS. Unalazimika kutumia waliosajiliwa tu, na bei haizidi kikomo. Ni njia inayomfaa mtu ambaye karatasi yake ya Hatua ya 2 ina majina ya waliosajiliwa peke yake, au ambaye nyumbani hakuna wa kushughulika na makaratasi kabisa. Usidhani ukiichagua huna la kufanya. Mtoa huduma anaweza kudai saa ambazo hazikufanyika, na NDIA haikuwepo sebuleni kwako kujua. Fungua programu mara kwa mara uangalie.

*Meneja wa mpango asimamie.* Hii ni kampuni au mtu aliyesajiliwa na NDIS kwa kazi hiyo. Watoa huduma wanamtumia ankara, anazikagua, anadai fedha NDIA, anawalipa, na kila mwezi anakutumia taarifa ya kilichotumika na kilichobaki. Malipo yake yana fungu lake ndani ya mpango, kwa hiyo hayali saa zako za msaada. Unaruhusiwa kutumia waliosajiliwa na wasiosajiliwa, ila bei haiwezi kupita kikomo. Kwa familia nyingi zinazopata mpango wa kwanza, hapa ndipo ningewashauri waanzie. Yule dada anayemwogesha mama anaruhusiwa, na mahesabu hayakulazi macho.

Watu huchanganya meneja wa mpango na mratibu wa huduma. Mratibu anakusaidia kutafuta watoa huduma na kuuelewa mpango. Meneja analipa. Kuwa na mmoja hakukupi mwingine.

*Usimamie mwenyewe.* Unapokea ankara, unadai fedha kupitia programu au tovuti ya my NDIS, NDIA inaziweka kwenye akaunti yako, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili za kazi, kisha unamlipa mtoa huduma. Au unalipa kwanza kutoka mfukoni ukarudishiwa, kama mfuko unaruhusu. Unaweza kutumia yeyote, kwa bei mliyokubaliana, hata juu ya kikomo. Hilo la mwisho lina maana sana pale ambapo mtaalamu wa matamshi ni mmoja tu mjini na bei yake iko juu ya dari. Ukumbuke tu kwamba bajeti haiongezwi kwa sababu umelipa zaidi.

Gharama yake ni kazi. Ankara na risiti unazitunza miaka mitano. NDIA inaweza kukuuliza wakati wowote uonyeshe dola fulani zilikwenda wapi, na kama zilinunua kitu kisichoruhusiwa, utazirudisha. Tangu tarehe 3 Oktoba 2024 kuna orodha rasmi za vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa. Kodi ya nyumba, chakula cha kawaida cha nyumbani, sigara, pombe na kamari haviruhusiwi. Tangu siku hiyo pia dai linatakiwa lipelekwe ndani ya miaka miwili tangu huduma itolewe, kwa hiyo ankara iliyosahaulika kwenye droo inaweza kukufia mkononi.

Ukiamua kumwajiri msaidizi moja kwa moja, badala ya kumlipa kwa ankara ya ABN yake, unakuwa mwajiri mbele ya sheria. Kuna kima cha chini cha mshahara, kodi ya mshahara, bima ya ajali kazini, na kulingana na saa za kazi, michango ya super (akiba ya uzeeni) na likizo. Zipo kampuni za kukufanyia mishahara. Kama hutaki kuyabeba hayo, baki na watu wenye ABN, lakini hakikisha kweli wanajitegemea. Kumwita mtu mkandarasi huku unampangia kila kitu kama mwajiriwa wako hakukuokoi siku akidai haki zake.

Hatua ya 4: Jijaribu kwa ankara moja

Kabla ya kusema "nitasimamia mwenyewe", omba ankara halisi kutoka kwa mmoja wa wasaidizi wako uisome yote. Tuseme imeandikwa hivi: jina lake na ABN, jina la mwenye mpango na namba yake ya NDIS, tarehe 4 Machi, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana, msaada wa nyumbani, saa 3 kwa dola 58, jumla dola 174, safari, dola 29, jumla kuu dola 203.

Jiulize. Tarehe 4 Machi alikuja kweli? Alikaa saa tatu, au alitoka saa tano na nusu? Safari ya dola 29 mlikubaliana, na iko kwenye mkataba? Inatoka fungu lipi? Ukiweza kuyajibu hayo kwa dakika chache bila kumpigia mtu simu, kusimamia mwenyewe hakutakusumbua. Ukijikuta unasema "haya, lipa tu", mpe meneja kazi hiyo na umtake akutumie kila ankara uidhinishe kabla hajalipa.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule linatosha: upande mmoja tarehe na saa za kuingia na kutoka, upande wa pili sahihi ya msaidizi. Lifunge kwa kamba jikoni. Linamfaa hata yule ambaye fedha zake zinasimamiwa na NDIA, kwa sababu ndilo ushahidi pekee wa nani alikuwepo saa ngapi.

Hatua ya 5: Gawanya ukihitaji

Hulazimiki kuweka mpango mzima chini ya njia moja, na hili mara nyingi halisemwi kikaoni mpaka uulize. Unaweza kumwachia meneja fungu la wataalamu, ambako ankara ni nyingi na zina vipengele vya safari na ripoti, ukashika mwenyewe fedha za vifaa vidogo kama nepi na glavu, ambazo ni risiti chache za dukani. Vilevile fungu lenye huduma moja kubwa ya kampuni iliyosajiliwa linaweza kubaki kwa NDIA.

Kwa anayetaka hatimaye ajisimamie kila kitu, hiyo ndiyo njia ninayoiamini. Shika fungu dogo kwanza, ujue kudai, ujue kutunza risiti, ukosee kwa dola hamsini badala ya elfu tano. Mpango unaofuata uongeze. Lakini usigawanye vipande vingi mpaka mtoa huduma hajui ankara aitume kwa nani.

Hatua ya 6: Liseme ombi lako kikaoni

Ni haki yako kuomba njia unayoitaka, na usipoitaja, wengine watakuchagulia. Ukihitaji mkalimani, piga TIS National 131 450, sema "Kiswahili", kisha uombe wakuunganishe na NDIA 1800 800 110. Hulipii chochote kwa mkalimani huyo. Na ikiwa wewe ni wa Bukavu na mkalimani ni wa Mombasa, na mnapishana kwenye maneno ya muhimu, omba mwingine. Si dharau, ni fedha za mwaka mzima zinazoongelewa.

Sema waziwazi, na uombe iandikwe: "Fungu la kujenga uwezo ninataka lisimamiwe na meneja wa mpango. Nepi na vifaa vidogo nitasimamia mwenyewe." Ukiomba kujisimamia utaulizwa utatunza vipi kumbukumbu, nani atakusaidia, na kama una matatizo ya fedha. Nenda na jibu tayari: akaunti ya benki ya peke yake, daftari, na jina la mtu atakayesaidia na programu ya simu. Akaunti tofauti si pambo. Fedha za NDIS zikichanganyika na za kodi ya nyumba, hakuna atakayezitenganisha baadaye, hata wewe.

NDIA inaweza kukataa usijisimamie ikiona kuna hatari kubwa isiyovumilika kwako. Aliyetangazwa mufilisi na bado hajatoka katika hali hiyo haruhusiwi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, mzazi au mlezi wake kisheria ndiye hufanya uamuzi huu. Kwa mtu mzima, ni uamuzi wake mwenyewe, isipokuwa ameteuliwa rasmi mtu wa kumwakilisha. Kaka mkubwa anayezungumza Kiingereza vizuri hawi mwakilishi kwa sababu hiyo tu. Kama kaka ndiye atakayeshika simu na kudai fedha, muulizeni mwenye mpango kwanza, kisha mfuate taratibu za uteuzi, au abaki kuwa msaidizi wa kubofya tu huku mwenyewe akiamua.

Hatua ya 7: Chagua meneja, usichaguliwe

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Kampuni ya huduma inakuja na fomu mbili, moja ya wasaidizi na nyingine ya meneja, zote za kampuni moja au za watu wanaofahamiana, na mtu anatia sahihi zote kwa pamoja. Sheria haikatazi kampuni moja ifanye yote mawili. Lakini anayelipa ankara akiwa ndiye anayeitoa, nani atauliza kwa nini saa zimezidi? Mimi ningechagua meneja asiye na uhusiano wowote na wasaidizi wangu. Mwenye sababu nzuri ya kufanya vinginevyo awaulize kwa maandishi ni nani hasa anayekagua.

Mpigie meneja simu kabla ya kusaini. Ankara hulipwa baada ya siku ngapi? Msaidizi anayejitegemea hawezi kungoja wiki tatu. Ataacha kuja kwako, na hatakuambia kwa nini. Nitapata kuidhinisha kila ankara? Mtaniarifu kabla fedha za kipindi hazijaisha, au baada? Nikitaka kuondoka, notisi ni siku ngapi? Yupo mtu nitakayeongea naye, au ni barua pepe tu? Anayejibu vizuri maswali haya kwa mara ya kwanza, bila kukuharakisha, umeshajua atakavyokujibu siku ankara imekwama.

Meneja hana mamlaka ya kukuchagulia msaidizi wala ya kukulazimisha kampuni fulani. Anaweza kukataa kulipa kitu kisichoruhusiwa, na hapo anakulinda. Mtofautishe na yule anayekataa mtu wako kwa sababu tu hajasajiliwa.

Hatua ya 8: Angalia kipindi cha kwanza kwa makini

Kila huduma iwe na makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja: kazi gani, siku zipi, bei ya kawaida na ya wikendi, safari, na nini kinatozwa ukiahirisha. Kipengele cha kuahirisha kisome mara mbili. Familia hufuta miadi asubuhi kwa sababu ya msiba au homa ya mtoto, na bado saa zote hutozwa kwa sababu ndivyo walivyosaini.

Msaidizi ambaye hajasajiliwa halazimiki kuwa na kibali cha uchunguzi wa wafanyakazi wa NDIS, lakini unaruhusiwa kukidai kama sharti lako, na kwa mtoto dai pia kibali cha kufanya kazi na watoto. Mtu mwenye nia njema haoni aibu kukuonyesha.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza linganisha kilichotumika na theluthi ya kipindi. Kwa mfano wetu wa dola 6,000, mwezi mmoja unatakiwa uwe karibu dola 2,000. Ikiwa ni 3,100, punguza saa mapema badala ya kubaki bila msaada wiki za mwisho. Ikiwa ni 600, kuna msaada unaostahili na huupati. Kuacha fedha kwa heshima, au kwa hofu ya kuonekana mlafi wa fedha za serikali, kunaweza kumfanya anayepanga mpango ujao aone kwamba hukuzihitaji.

Kuna watu watakaokuja na ofa: saini hapa, tutaandika saa nyingi, nusu yake tunakupa taslimu. Hapo wewe ndiye unayewekwa rehani, kwani namba ya NDIS iliyotumika ni yako. Ripoti kwa 1800 650 717. Huhitaji kutaja jina lako. Malalamiko kuhusu ubora wa huduma au jinsi msaidizi alivyomtendea mtu hupelekwa Tume ya Ubora na Ulinzi ya NDIS, 1800 035 544, na tume hiyo hupokea malalamiko hata dhidi ya wasiosajiliwa.

Ukikataliwa, au ukibadili mawazo

Ombi la kujisimamia likikataliwa, omba uamuzi uangaliwe upya na NDIA yenyewe ndani ya miezi mitatu tangu uupokee. Jibu hilo nalo likikukwaza, unaweza kwenda mahakama ya mapitio ya uamuzi wa serikali, iitwayo ART tangu Oktoba 2024. Muda wa kupeleka ombi huko ni siku 28, kwa hiyo hifadhi bahasha au barua pepe inayoonyesha tarehe.

Kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine huombwa wakati wowote. Huna haja ya kungoja mpango uishe. Piga simu NDIA, eleza fungu gani liende wapi, uulize tarehe kamili ya kuanza. Kabla ya tarehe hiyo mwombe kila mtoa huduma atume ankara zake zote za nyuma, na uhakikishe zimelipwa kwa njia ya zamani. Mpe meneja anayeondoka notisi kwa maandishi, umwombe taarifa ya mwisho ya matumizi, kisha wajulishe wasaidizi anwani mpya ya kutuma ankara. Msaidizi mmoja akiachwa bila taarifa, ankara zake zitakwenda kwa meneja aliyeondoka, na simu ya kwanza kuuliza malipo itakuja kwako.